Breki Zako Zilikuwa Nzima

Eagan, Minnesota,
12 Februari 2006

Mpendwa Mjomba Solomon,

Shikamoo. U mzima wewe, na Mama Eliakim hajambo? Goti lake limepata nafuu? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi ya mwaka huu haina adabu kabisa.

Binti yangu Tulia anakua. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri, kisha ananijibu Kiingereza bila hata haya. Ningemkemea, ila leo sina uso wa kumkemea mtu.

Mjomba, najua hujamsahau Bwana Kersi Daruwala, yule Mhindi wa Pune uliyekuwa ukimtengenezea gari kila alipokuja Arusha kwenye rali. Tangu ajali ile ya Monduli iliyomvunja nyonga hakurudi tena kwenye usukani. Sasa ni mtangazaji wa mbio za magari kwenye televisheni, na wiki hii alikuja huku kutangaza mashindano yanayofanyika juu ya ziwa lililoganda. Ndiyo, magari juu ya ziwa. Wazungu hawaishi vituko.

Leah, binti wa jirani yetu wa Usa River, yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya Roseville. Alishangaa mgeni huyo anamsalimia kwa Kiswahili, wakazungumza, akamwalika kwenye sherehe ya ubatizo wa mwanawe jana.

Unaijua kawaida yetu: kabla ya chakula kila mtu asimame, ataje jina lake na kwao. Nikasema naitwa Elinaja, kwetu Usa River. Bwana Kersi akaweka soda chini. "Usa River? Basi unamjua Solomon, fundi wangu?"

Mjomba, nilikukana. Mbele ya ukumbi mzima nilisema, "Hapana, simjui." Tangu utotoni nimesikia watu wakinong'ona kwamba breki ulizofunga wewe zilikataa kushika, nikadhani huyu anatafuta wa kumlaumu. Nikaogopa Watanzania wa huku wasinijue kwa aibu hiyo. Leah, anayejua kuwa ulinilea, akanikazia macho.

Yule mzee akasikitika. "Namtafuta siku nyingi. Watu walisema ni breki, na mimi nikanyamaza, nikiogopa wadhamini wataninyima gari. Breki zilikuwa nzima. Kona ile niliiingia kwa kasi mwenyewe."

Chakula kilinishinda. Nikasingizia theluji, nikaondoka. Njiani nikakuwaza ulivyofunga gereji ukabaki kutengeneza baiskeli za watu, hata gari la jirani likizimika mlangoni pako huligusi. Nililia kama mtoto.

Leo baada ya ibada nimemfuata hotelini, nikamwambia ukweli. Amechukua namba yako, atakupigia mwenyewe; huenda barua hii ikakukuta mmeshazungumza. Nilimsihi asikwambie nilivyokukana. Amekubali, lakini akasema kunyamaza kwake kulikugharimu gereji, sasa nifikirie kunyamaza kwangu kutakugharimu nini.

Ndiyo maana nimekuandikia. Uliyenilea nilikuonea aibu, na aibu yenyewe haikuwa yako. Nisamehe, Mjomba.

Msalimie Mama Eliakim, Eliakim mwenyewe, na Shangazi Jedidah. Mungu aibariki nyumba yako na kazi ya mikono yako.

Nitakupigia simu Pasaka. Usipoipokea, nitaelewa, na nitapiga tena.

Mpwa wako akupendaye,
Elinaja