Pale Mshipa Mkuu Unapogawanyika

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua tumepishana miaka miwili tu na kwa kawaida siamkii mtu kwa miaka miwili, lakini leo nina shida. Baba hajambo? Ule mkono uliopooza umeanza kushika kikombe? Mimi mzima, ila nanuka. Dawa wanayohifadhia maiti haitoki hata nikioga mara tatu, na bwenini wenzangu wa masomo mengine wananiachia benchi zima peke yangu.

Tumeanza kupasua. Meza yetu tuko sita, na maiti wetu ni mzee mwenye vidole virefu. Siku ya kwanza nilimwomba radhi kimoyomoyo. Sasa tuko tumboni tunatafuta ateri, ile mishipa inayotoa damu moyoni, kisha tutashuka nazo mpaka miguuni. Kupasua kwenyewe ni kazi ya kuchambua zaidi kuliko kukata. Unatoa mafuta kidogo kidogo kwa kibanio mpaka mshipa ujitokeze. Tatizo ni kwamba kisu kakishika mmoja tu, kijana tunayemwita Profesa, maana mama yake ni daktari na yeye kazaliwa anajua kila kitu. Sisi watano tunashika taa na kuitikia. Roho inaniuma mpaka chakula hakipiti.

Mtihani ni baada ya wiki sita. Watafunga nyuzi kwenye mishipa tuitaje mmoja mmoja, halafu tuchore yote kutoka chini ya kifua mpaka unyayoni. Anayeanguka anarudia mara moja. Akianguka tena, anarudi kwao. Wewe unafungua mbuzi kila asubuhi pale bucha. Nichoree, dada, mshipa mkuu unavyoshuka na unavyogawanyika.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, mwenye shida. Baba hajambo. Kikombe anashika, na chai anamwagia shati. Bucha iko palepale, nzi wako palepale, na yule mwalimu mstaafu bado anapima nyama kwa macho kabla sijaiweka kwenye mizani.

Nikuambie kweli. Nilipofika kwenye kisu cha Profesa nilicheka, kisha wivu ukanipanda mpaka nikaiweka barua chini. Wewe unamwonea wivu Profesa, mimi nakuonea wewe. Barua ya kukubaliwa chuoni iliyotangulia kuingia nyumba hii ilikuwa yangu, na ningeenda kama baba asingepooza mwezi uleule. Mtu ilibidi abaki na bucha, nikabaki. Nimeyameza miaka mitatu, leo nimeyatema, basi tuendelee.

Jana nilimfungua mbuzi taratibu, foleni ikarefuka, mteja mmoja akauliza kama namkata au namuaga. Mshipa mkuu unashuka umeegemea uti wa mgongo. Mbele unatoa matawi ya tumbo, ini na wengu, kisha ya utumbo. Pembeni unatoa ya figo, moja kila upande. Kule mwisho, kwenye nyonga, shina lenyewe linatoa matawi manne: mawili ya miguu, na mbele kidogo mawili ya nyonga. La mguu linapita kinena, linashuka ndani ya paja, linajificha nyuma ya goti. Mchoro huu hapa, kwenye karatasi ya kufungia nyama. Usiogope, ni safi.

Na mikono yako ifundishe hivi: usivute mshipa, vuta mafuta. Kisu kifuate urefu wa mshipa, kisiukatize.

Ukipata nafasi niletee kitabu chenye picha. Nataka nione na mimi.

Dada yako

5 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, na hii ni ya moyoni. Nyumbani hamjambo? Mimi ndiyo kwanza nainuka. Homa ilinilaza wiki nzima.

Kaa nikupe umbea. Profesa alikata ateri ya figo akidhani ni mafuta! Mwalimu akamnyang'anya kisu, akatutazama wote, akanipa mimi. Nikafanya ulivyoniambia. Ateri ya paja nimeitoa nzima, kutoka kinena mpaka nyuma ya goti, bila mkwaruzo. Meza nyingine zikaja kutazama. Mwalimu akauliza nani amenifundisha kushika kisu hivyo. Nikamwambia, "Sijafundishwa, mwalimu, nina mikono tu." Ungemwona Profesa alivyonuna!

Sasa nisikilize. Somo la pale mshipa mkuu unapogawanyika lilipita nikiwa nimelala na homa, na wenzangu wamepakatakata pale ovyo, hakuna kinachoonekana tena. Kitabu changu ulichokiomba nimeshampa mpishi wetu wa bweni anayekuja huko, kabla sijakumbuka kukilinganisha na mchoro wako. Sasa nitalinganisha na nini? Kile cha maktaba watu wanakipigania. Tafadhali kitazame kwa niaba yangu uniambie: ni matawi manne kweli? Mtihani ni tarehe 20.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Kitabu nimekipata. Nimepata pia habari kwamba hukufundishwa, una mikono tu. Hongera kwa mikono.

Fuata mchoro.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mimi mwili mzima.

Nimeanguka. Nyuzi zote nilizitaja sawasawa, mchoro ndio umeniangusha. Binadamu hana matawi manne pale. Mshipa mkuu unagawanyika matawi mawili tu, kisha kila tawi linagawanyika tena, la nje linakwenda mguuni, la ndani linabaki kwenye nyonga. Mimi nilichora mbuzi. Kwa kuwa nilikosea juu, kila mshipa wa mguu ukawa umeanzia pasipo pake, alama zikaporomoka. Msahihishaji aliinua karatasi yangu mbele ya darasa akauliza mkia nimeusahau wapi. Profesa analia "mee" kila nikipita.

Mwalimu aliniuliza nimeutoa wapi mchoro ule. Nikasema ni kosa langu. Usiumie, dada, wewe ungejuaje? Labda ukurasa wenyewe hukuuona, kitabu ni kinene. Narudia tarehe 30. Nikianguka hapo ndiyo basi, utanipisha kidogo pale bucha.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Mimi sijui nisemeje kuhusu mimi.

Ukurasa niliuona. Niliuona siku ileile kitabu kilipofika, hata aproni sijavua. Nilichukua karatasi nikuandikie kwamba mshipa wa binadamu unagawanyika kwanza matawi mawili tu. Kabla sijaanza nikaisoma tena barua yako, pale penye mikono. Nikakaa. Mteja akaja, nikamhudumia, nikarudi kukaa. Halafu nikaandika ulichokisoma.

Nilitaka uanguke. Nilijiambia kidogo tu, uchubuke, ukumbuke hiyo mikono ilitoka wapi. Lakini pale ulipo hakuna kuanguka kidogo, na hilo nililijua, maana uliniandikia mwenyewe tangu barua ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ni mimi.

Kila siku nawaza ungerudi ungesimama wapi hapa bucha, nami ningekutazama vipi. Wivu wangu sitakuficha, bado upo. Hata sasa naandika, nikifikiria ile taa na ile meza, unanipanda. Lakini ule wa kukuharibia siutaki tena, umenitisha.

Kitabu nimekirudisha kwa mpishi huyohuyo. Anzia ukurasa wenye alama ya wino mwekundu. Chora mara ishirini bila kutazama, kisha chora tena. Baba sijamwambia. Ukitaka, mwambie.

Dada yako

18 Mei

Dada,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za bweni, nikabaki hapo mpaka mfagiaji akaniomba nimpishe. Kitabu sikukigusa siku nne. Siku ya tano nilikifungua, mtihani haujali nani kagombana na nani.

Nina langu pia. Siku ile mwalimu aliponiuliza nani amenifundisha, jina lako lilikuwa mdomoni kabisa, nikalimeza. Tangu tukiwa wadogo baba alikupa wewe kisu, mimi akanipa beseni la utumbo nikaoshe. Wateja wakija alisema, "Huyu ndiye mwanangu," mkono begani kwako. Mimi nilikuwa "na yule mwenzake". Nilikuja huku kutafuta kisu changu, na siku nilipokipata nikakuta bado kinakwenda kwa akili zako. Nikaona wivu mpaka nikakufuta.

Lakini hatujalingana. Mimi nilikunyima sifa, wewe nusura uninyime maisha. Usije ukadhani kwa kuwa nimeungama basi tumemalizana.

Matokeo yamebandikwa leo asubuhi. Nimefaulu, nimekuwa wa tatu kati ya tuliorudia. Wenzangu walitawanyika kila mmoja kuwaambia watu wake, nami nikabaki pale ukutani nikitafuta wa kumwambia. Sijakusamehe, dada. Nimejaribu wiki nzima, haijaja. Ila nimezunguka jengo lote na furaha yangu, na mtu niliyetaka aisikie kwanza ni wewe.

Mdogo wako