Hodi ya Kompyuta

Wifi yangu mpendwa,

Leo tumekusomea hitima Boko. Nimerudi Temeke nimeshiba pilau, nikaona nikuandikie kwa mashine ileile uliyonifundisha.

Unakumbuka nilivyokuwa? Nimepunguzwa kazini, kaka yako ametangulia, na mie na wanangu tunategemea kuchapa kazi za watu kwenye ile kompyuta ya mtumba. Nayo virusi haviishi, kazi zinapotea huku naziangalia. Nikakwambia naiuza, bora nikaange mihogo. Ukaninunia. Jumamosi yake ukaja na CD za Linux kutoka chuoni kwenu, ukasema ni programu ya kuendeshea kompyuta na ziko za aina nyingi. Ukavua baibui, ukaanza kuzijaribu.

Ya kwanza ikaleta kioo cheusi na maandishi matupu. Ukasema hiyo ndiyo wanayojidai nayo wenzako, ukaitoa. Iliyofuata ikagoma kutambua kipanya. Ya mwisho ikauliza maswali taratibu, ikaleta madirisha na picha za kubofya. Nikauliza, si wenzako watakucheka kwa kuchagua ya wanaoanza?

"Waache wacheke. Mie namtafutia wifi yangu pa kuanzia."

Kisha ukanipisha kwenye kiti. Kompyuta ikataka jina la kuingilia. Mie huyo, nikaandika hodi. Ikanikatalia. Nikaandika tena kwa herufi kubwa, labda haijasikia. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mkeka. Nilikasirika kweli, nikasema mashine gani hii isiyo na adabu, mtu anabisha hodi haiitikii.

Wala hukunisahihisha. Ulibonyezabonyeza, ukaifanya hodi iwe ndiyo jina langu, na neno la siri likawa karibu. Nikajaribu. Herufi za karibu hazikutokea, nikadhani kibodi imekufa.

"Hiyo huwa haionekani, wifi. We andika tu, inakusikia."

Ikafunguka.

Tangu hapo watoto hawajalala njaa. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, wasifu wa marehemu, zote zinapita hapa. Nilizoea kukushukuru kwa utani, nakuita fundi wangu wa bure. Leo nasema bila utani: asante, wifi. Ulinishika mkono nilipokuwa nataka kukata tamaa.

Kabla ya barua hii nimewasha, nikaandika hodi. Kisha nikaandika lile jibu lako, ambalo halionekani. Nikafunguliwa. Nimelia kidogo, halafu nikaanza kuchapa.

Mungu akulaze pema.

Wifi yako,
Hodi