Neno la Mwisho Halisemwi Mazoezini

Jumatano, 8 Novemba 1933

Nesta ni mpumbavu. Nimemwambia usoni, mbele ya Inspekta, na naandika hapa nisije baadaye nikajifanya nilikuwa mpole. Mtu amekufa, hata hajapoa, na wewe unawaambia polisi, "Mimi sitamlilia." Nani alikuuliza? Mjukuu wangu huyu nimemlea mwenyewe. Nilimfundisha kuigiza kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ulimi ndio sikumfundisha kufunga.

Lucian Fairbrass amekufa. Jana, kwenye mazoezi ya mwisho, yale ya mavazi kamili. Katika mchezo anapigwa risasi sehemu ya pili, kisha hupanda kwenye chumba chake cha kuvalia kusubiri aitwe mwishoni, tuiname wote mbele ya watu. Nesta alimpelekea kikombe cha limau na asali kwa ajili ya sauti. Kila mtu alimwona akipanda nacho. Fairbrass hanywi cha moto, huacha kipoe. Sehemu ya tatu waigizaji wote tulikuwa jukwaani. Tulipokwenda kumwita tukamkuta kitini, kidevu kifuani, kikombe kitupu. Inspekta Tuckwell anasema ni sumu ya kuulia nyigu — ile ya kopo lililobaki chini ya ngazi tangu kiangazi, nyigu walipojenga darini.

Na wiki iliyopita Nesta alimzaba kofi mbele yetu sote, kwa sababu ya mkono usio na adabu. Alistahili. Lakini sasa kofi lile linanuka kamba ya kunyongea.

Mkosi umetoka wapi? Nimekaa nikawaza. Hakuna aliyepiga mluzi vyumbani. Hakuna aliyeleta maua mabichi jukwaani. Mimi mwenyewe, pale mwisho kabisa, nilifumba mdomo kama inavyopasa, pazia likashuka. Tumefuata kila kitu, na bado mtu amekufa.

Nimekula samaki wawili wa moshi. Huzuni haijazi tumbo.

Alhamisi, 9 Novemba

Mwenye jumba la maonyesho amekuja kutoa pole. Bwana Stroud. Alikuwa muuza mazulia. Jumba letu amelinunua mwezi uliopita tu, na jukwaa bado analiita "sakafu". Akakaa kwenye kiti changu kizuri. Paka akatoka nje.

Mchezo utafunguliwa Jumatatu, anasema. Analeta mwigizaji mwingine kutoka London ashike nafasi ya marehemu. Kisha akanishika mkono.

"Bibi Pargeter, mimi juzi nilikuwa viti vya juu, peke yangu gizani, mpaka mwisho. Uliposema, 'Zima taa, mwanangu, kumekucha' — machozi yalinitoka kama mtoto. Nimemwambia hata Inspekta."

Nikammiminia kikombe cha pili. Na biskuti, zile za kopo, za wageni wa heshima. Miaka hamsini naigiza wapishi na mama wazee, na wenye macho ya kuona bado wapo.

Alipoondoka Nesta akasema, "Bibi, umelainika kama siagi juani."

"Nyamaza wewe, mshukiwa."

Akacheka. Nami nikacheka. Jiko lilikuwa na moto mzuri, mvua inapiga dirishani, na kwa muda kidogo tulisahau.

Mkewe Stroud hakuja. Nasikia amejifungia analia. Sote tunajua kwa nini. Stroud akienda mnadani, Fairbrass alikuwa akienda kwake kunywa chai, na chai haimalizi mchana mzima.

Ijumaa, 10 Novemba

Wamemchukua Nesta asubuhi. Konstebo alivua kofia na kufuta miguu, sina la kumlaumu. Wamemrudisha jioni. Asitoke mjini. Wakiona sababu, Jumatatu watamshitaki.

Sikulia. Nimesugua sufuria zote, hata zilizokuwa safi.

Jumamosi, 11 Novemba

Sina budi kuandika haya taratibu, nisiruke kitu.

Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, najifanyia mazoezi ya Jumatatu. Herufi ndogo za kitabu sizioni vizuri tena, Nesta ndiye hunisomea sehemu yangu na mimi huimeza. Nikafika mwisho. Nikawa nimejisahau, sifa za yule bwana bado zimenijaa kichwani. Nikasema kwa sauti, "Zima taa, mwanangu—"

Nesta akaruka kutoka mezani akanifumba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

"Bibi! Mchezo haujafunguliwa! Unataka mkosi wa pili?"

"Wewe mtoto, unanifumba mdomo mimi?"

"Hujawahi kulisema kabla ya siku yake, tangu nizaliwe. Leo umeingiwa na nini?"

Samaki akaungua. Nikamwacha aungue.

Maana ni kweli. Sijawahi. Neno la mwisho la mchezo halisemwi mazoezini, na mwenye kulisema ni mimi. Likitoka mbele ya viti vitupu, mchezo unakufa. Jumanne ile niliinama tu, mdomo umefumbwa, pazia likashuka kimya. Aliyekuwa viti vya juu angeona. Kila aliyekulia humu anajua desturi hii; muuza mazulia hajui. Amesoma maneno yangu kitabuni, akadhani nimeyasema.

Basi hakuwa viti vya juu. Alikuwa wapi? Kuna mlango mdogo wa kutoka ukumbini kuja nyuma ya jukwaa, na ufunguo anao yeye. Kikombe kilikuwa kinapoa.

Na mimi nikampa biskuti za kopo.

Nikavaa kofia nikaenda kwa Inspekta Tuckwell. Alisikiliza hadi mwisho, kiko mkononi. Hakucheka. Alisema hata yeye Stroud alimwambia maneno yale yale.

"Lakini Bibi, wakili wake atasema alichanganya alichosoma na alichosikia. Ningependa nimsikie akikusimulia wewe, bila kujua nipo, jinsi ulivyosimama, jinsi ulivyoyatamka."

"Basi njoo kesho wakati wa chai, na yeye nitamwalika. Kabati langu la makoti lina nafasi. Kiko ukiache nyumbani."

Jumapili, 12 Novemba

Inspekta yumo kabatini tangu saa tisa. Analalamika harufu ya dawa ya wadudu wa nguo. Nimemwambia anyamaze, makoti hayasemi. Konstebo yuko uani, amekaa juu ya ndoo.

Nesta ametandika kitambaa cheupe, cha harusi yangu. Mikono yake imetulia kuliko yangu. Amevaa gauni la bluu. Nimemkemea kwamba limekunjamana; halikukunjamana. Nilitaka tu kumshika bega.

Mimi kazi yangu ni moja: kuwa bikizee anayependa kusifiwa. Sitahitaji kuigiza sana. Nitamuuliza, "Bwana Stroud, lile neno langu la mwisho, nililisemaje? Nilisimama wapi?" Kisha nimwache mdomo wake umponze.

Birika linaimba. Paka amelala kwenye kiti kizuri, simwondoi.

Nimechungulia dirishani. Ndiye. Anafungua geti, kofia mpya, ananitabasamia tangu barabarani. Kwapani ana boksi la mwokaji lenye utepe.

Nafunga daftari. Nesta, kamfungulie, ucheke kidogo. Na hiyo keki yake ukiiweka mezani, mkatie yeye kwanza. Kipande kikubwa. Na sisi tusiguse kitu mpaka ale.