Jina la Fabre na Nyundo ya Chini ya Kitanda

Aabo,

Nakuandikia, baba yangu, kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyotulea nayo ndani ya nyumba, wakati majirani wetu wote hapa Garissa waliwalea watoto wao kwa Kisomali. Ulikuwa ukisema kwamba mtu akikusalimu kwa Kisomali, swali lake la pili ni wewe ni wa nani, lakini kwa Kiswahili unaweza kukaa na mtu mwaka mzima kwa hujambo na sijambo tu. Tulidhani unatania.

Sikukuzika. Mvua ile ilipokata barabara nilikuwa Dadaab, kwenye kliniki ya kambi ya wakimbizi ninakofanya ukalimani, na habari yako ilinifikia kwa redio ya ofisini, kati ya taarifa ya dawa na taarifa ya mafuta ya jenereta. Ulizikwa siku hiyohiyo kabla ya Alasiri, kama inavyopasa. Mimi nilifika siku ya tisa, matope hadi magotini, nikaonyeshwa mahali. Tangu hapo nakukasirikia, halafu najikasirikia mwenyewe kwa kukukasirikia. Na Ijumaa iliyopita nimefanya jambo ambalo ni bora ulisikie kutoka kwangu, kabla hujaletewa na wanaokufuata huko.

Tuanze na jina. Shuleni wenzangu walihesabu mababu ishirini bila kumeza mate, ile abtirsi ambayo kila mtoto wa huku hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nilihesabu wawili. Yusuf wa Musa, Musa wa Fabre, halafu nasema, Mfaransa. Walicheka, wakaniita Fransiis, lakini hakuna aliyenidharau, maana mgeni si aibu. Hadithi uliyotupa ilikuwa fupi: baba yake Babu alikuwa Mfaransa wa Djibouti aliyesilimu, akaoa, akafa, na mwanawe akashuka mpaka Rhamu akiwa na jina la ukoo la baba yake kwenye kadi ya kazi. Wazee wa Rhamu wakampokea Babu, wakamhesabu kama mtu aliyeegemea kwao, na watu wakamwita Fabre hadi akafa.

Nililipenda jina hilo, Aabo. Nililiandika kwenye kila daftari. Ulipohamishwa, wewe fundi wa mashine za maji za serikali, kutoka kisima cha Buna hadi cha Hadado, na kila mahali tukawa watu wa kutoka kwingine, nilijiambia kwamba mahali fulani Ufaransa kuna nyumba ya mawe yenye jina letu mlangoni.

Ndiyo maana alipokuja kliniki Daktari Elen, Mfaransa, akaniambia kwamba mama yake amezaliwa Fabre, nilikosa usingizi kwa furaha. Akaniita binamu. Akasema mjomba wake, Fabre mwenyewe, ana rafiki katika maabara ya chuo kikuu inayolinganisha damu za wanaume. Kuna kitu, alisema, kinachotoka kwa baba kwenda kwa mwana tu, bila kupita kwa mama, vizazi na vizazi. Nikamwambia hicho sisi tunakijua, tunakisoma kwa mdomo, hatuhitaji friji. Alicheka. Nikampa mkono wangu akatoa damu.

Wakati huo wewe ulikuwa hai. Nilikuambia kwenye kochi lako la kamba, pale nyuma ya nyumba, na wewe ukawa unaangalia kuku. Kisha ukasema, “Polepole, Yusuf. Kitu kilicholala, usikiamshe.” Nikadhani unaogopa sindano.

Sasa sikia kosa langu. Mvua ilipoisha, nyumba ya Haji Guleed ilileta posa kwa Hodan, dada yangu mdogo, kwa ajili ya mwana wao yule uliyempenda, Bishar, anayeuza mbuzi soko la mifugo. Wewe hupo, kwa hiyo mimi ndiye wa kukaa mbele ya wazee na kusema sisi ni nani. Ndugu za Haji walinong'ona kidogo. Huyo Fabre nani alimwona? Na mimi, badala ya kunyamaza kama wewe, nikasema, “Karatasi inakuja kutoka Ufaransa. Itawaambia.” Hakuna mtu wa kabila lolote la huku aliyewahi kuahidi kuthibitisha mababu zake kwa karatasi. Mdomo umeniponza. Tangu siku hiyo kila Haji Guleed akikutana nami msikitini hasalimu kabla hajauliza kama karatasi imefika.

Imefika. Daktari Elen alinisomea kliniki, mlango ukiwa umefungwa, na hakuniita binamu. Damu yangu na ya mjomba wake hazina uhusiano wowote kwa upande wa baba. Mkondo wangu, maabara imeandika, ni ule unaopatikana kwa wanaume wa pembe hii ya Afrika, Djibouti, Somalia, huku kwetu. Hakuna Mfaransa, Aabo. Hakuwahi kuwapo.

Nilimuuliza, basi jina? Akasema huko kwao kusini mwa Ufaransa Fabre si hata ukoo mmoja. Zamani kila kijiji kilikuwa na mtu mmoja wa kazi fulani na watu walimwita hivyo, wanawe wakabaki na jina, ndiyo maana wamejaa na wengi wao si ndugu. Kazi gani? nikauliza. Akapiga ngumi moja juu ya nyingine, kama mtu anayefua chuma.

Mhunzi.

Unajua mimi nilikaa chini, kwenye kiti cha wagonjwa. Kwa sababu wakati uleule nilikumbuka gunia lile chini ya kitanda chako, lenye nyundo fupi na koleo, ambalo ulisema ni vyombo vya Mfaransa. Nikakumbuka mlango wa nyuma uliokuwa ukifungwa mchana wa jua kali watu wakiwa wamelala, na mlio mdogo, ting, ting, halafu kimya. Visu vya Hooyo, mama yetu, vilivyokatika vilirudi vizima na ukasema umenunua vipya sokoni. Nikakumbuka Hadado, nikiwa na miaka kumi, nilipotoa nyundo hiyo nje na kupinda msumari wa moto kuwa ndoano mbele ya watoto wa majirani, nikijiona fundi. Ulinipiga. Hukuwahi kunipiga kabla wala baada. Kisha ukaketi kando yangu mchangani ukalia, na mimi nikakufuta machozi kwa shati langu bila kujua ninafuta nini.

Mashine ya kisima ulipanda kuifungua mchana kweupe, mafuta mpaka kwenye viwiko, na kila mtu alikuheshimu, maana chuma cha serikali hakina aibu. Chuma cha moto ndicho kilichofungiwa mlango. Huku kwetu mtu anaweza kula na mhunzi, akamlipa, akamwombea dua, lakini binti hampi na binti yake hamchukui. Tumaal, ndivyo wahunzi wanavyoitwa kwa Kisomali. Neno hilo sikuwahi kulisikia nyumbani mwetu hata mara moja, na hilo peke yake lingetosha kunifungua macho.

Nilimwendea Hooyo. Alikuwa anachambua mchele, na hakusimamisha mikono. “Nilijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa,” alisema. “Mke anasikia nyundo hata kama mume amefunga mlango.” Ulimsimulia kila kitu, siku moja tu, na ukamwapisha. Babu alikuwa mhunzi, mwana wa wahunzi, akafanya kazi karakana ya reli kule Djibouti. Mzungu aliyeandikisha vibarua aliuliza huyu ni nani, wakamwambia ni mhunzi, na yeye akaandika neno la kwao la mhunzi mahali pa jina. Babu akaiona kadi, akaona mlango wa kutokea. Akavuka nayo mpaka Rhamu, na watu walipouliza Fabre ni nani, akasema, baba yangu, Mfaransa. Na ndivyo alivyopata mke. Ndivyo ulivyopata mama yetu. Mimi ni mtoto wa kadi ya kazi.

Hooyo aliongeza kitu kimoja. “Jina lenyewe la babu yako, alilopewa na mama yake, Musa hakuniambia. Alilijua yeye peke yake.”

Aabo, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku tisa, barabara ya matope, na kumbe jina la babu yangu lilikuwa limeshaingia kaburini kabla sijafika.

Basi nikabaki na karatasi. Imeandikwa Kifaransa, na Garissa nzima hakuna mzee anayejua kusoma Kifaransa. Mimi mwenyewe ninajua kidogo tu, lakini wao wanaamini ninajua chote, na nilichotakiwa kufanya ni kuishika mbele yao na kusema kwa sauti, imethibitika. Miaka sita nimekaa kati ya daktari na wagonjwa. Nimetafsiri mama aambiwe mtoto wake hatapona, sikupunguza neno, kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba neno la mtu ni amana na mkalimani haongezi chumvi. Sasa amana ilikuwa yangu na maisha ya Hodan yalikuwa juu yake. Nilifanya mazoezi ya uongo ule njiani, Mungu anisamehe. Ulikuwa unatoka vizuri sana.

Nilichoweza kufanya ni kumwambia Hodan kwanza. Nilitaka aniambie nidanganye, nikiri hilo. Nilitaka dhambi tuigawane. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Bishar anajua, nikasema hapana. Alilia, Aabo, alilia kweli, anampenda. Kisha akafuta uso kwa shela yake akasema, “Nabii Daud Mungu alimlainishia chuma mikononi, na hakufunga mlango. Mimi nikizaa, mwanangu asije akapigwa kwa sababu ya msumari.” Nilikuwa sijui kwamba aliona siku ile. Alikuwa na miaka minne.

Ijumaa baada ya sala wakaja, Haji Guleed na ndugu zake watatu. Hooyo akapika chai ya maziwa yenye tangawizi. Nikaifungua karatasi na nikaitafsiri kama ninavyotafsiri kliniki, neno kwa neno. Nikasema Mfaransa hayupo. Nikasema Fabre maana yake ni nini. Nikasema Babu alikuwa nani. Nzi wakatua kwenye sukari na hakuna aliyewafukuza.

Haji Guleed aliuliza swali moja tu, na hakuuliza kuhusu uhunzi. “Kabla ya Musa ni nani?” Nikasema sijui. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyepotea sokoni. Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akasema, “Tutashauriana,” wakavaa viatu. Mlangoni alinishika bega. Sijui kama ilikuwa kwaheri au huruma.

Leo ni siku ya sita. Hawajatuma mtu. Bishar alipita jana na mbuzi wake, akasimama ng'ambo ya barabara, akamsalimu Hooyo kwa mkono, akaendelea. Jirani mmoja ameanza kuchelewa kuitikia salamu yangu. Hodan hali chakula vizuri. Ukiniuliza kama nilifanya sawa, sijui, na usiku ninapofikiri kwamba siri uliyoibeba maisha yako yote nimeimwaga kwa alasiri moja, juu ya chai, naona nimekufunua mbele ya watu ukiwa huwezi kujifunika. Nisamehe. Na mimi nitajaribu kukusamehe kwa kile kipigo, na kwa kwenda na jina.

Asubuhi hii Hodan alitoa gunia chini ya kitanda chako. Hakuniuliza. Bawaba ya mlango wa nyuma ilikuwa imelegea tangu mvua, akanipa nyundo, na mimi nikawasha makaa uani, mchana, mlango wazi. Nilijichoma vidole viwili. Kazi haikuwa nzuri, ungecheka, lakini mlango sasa unafunguka.

Nakuahidi jambo moja. Barabara ikikauka vizuri nitaomba ruhusa kliniki, nipande hadi Rhamu, na nikipata njia, mpaka Djibouti, niulize kama kuna mzee yeyote anayemkumbuka mhunzi kijana wa karakana ya reli aliyeondoka na hakurudi. Nikilipata jina lake nitakuja kaburini nikusomee. Nisipolipata, pale kwenye pengo sitamweka Mfaransa tena. Nitaweka kile tunachokijua.

Allah akupe nafasi pana, Aabo, na akulaze mahali pasipoulizwa wewe ni wa nani.

Mwanao,
Yusuf wa Musa, Musa wa mhunzi.