Elinaja, Shada la Kwanza Lilikuwa la Naftali

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukulaze pale makaburi ya Crystal, Elinaja, kwenye ardhi iliyoganda mpaka wachimbaji wakaleta mashine, na kabla sijasema jingine lolote acha nikiri: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi.

Wasomaji wa kijarida hiki wananijua. Mimi ni Alfred, Mchaga, na wewe ulikuwa Mpare wa Usangi, kwa hiyo mimi ni mtani wako. Kazi ya mtani msibani haihitaji maelezo. Wenzake wanalia, yeye anasema. Anaweza kushuka kaburini akalala humo na kukataa kutoka mpaka abembelezwe. Anaweza kuvaa koti la marehemu akaiga mwendo wake mbele ya mchungaji. Anaweza kumwambia mwenyekiti wa kamati kwamba ni mnafiki, na hakuna wa kumshika shati. Ndiyo ruhusa tuliyopewa. Na mimi, siku pekee ambayo ruhusa hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya, nilivaa tai, nikashika kipaza sauti, nikawa mstaarabu.

Kamati ilinipa karatasi ya mashada. Mama yako hakuwepo, alinyimwa viza, kwa hiyo orodha ilitungwa na binamu yako Theophil, mwenyekiti wetu, anayekaa Champlin nje ya mji. Shada la kwanza, Theophil na mkewe kwa niaba ya ukoo. La pili, kanisa. La tatu, umoja wetu wa Watanzania. Tukashuka hivyohivyo hadi kwa majirani wa Theophil, watu ambao hawakukuona hata kwa picha. Baada yao, mstari wa mwisho: "Mwenye nyumba wa marehemu."

Nilisoma. Nilisoma kwa sauti nzuri kabisa, ile ya harusini. Naftali, uliyeishi naye miaka saba, akatoka nyuma ya watu na maua yake, akapita mbele yangu bila kunitazama. Afadhali angenitukana. Mwenye nyumba! Fleti ile mlipanga wote wawili, na bomba la bafuni lilivuja miaka yote saba kwa sababu mwenye nyumba mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

Nina hasira, Elinaja. Nilimwambia mama yako nisubiri ipoe ndipo niandike, akasema niandike ikiwa bado ya moto. Basi.

Ulikuja Minneapolis mwaka 1984 kusomea uhasibu. Mwaka wa tatu ukaacha, ukaingia chuo cha masaji, na Theophil akawaandikia nyumbani kwamba umehamia "kitengo cha tiba". Ulipanga chumba cha kazi juu ya duka la maua, kusini mwa mji. Palikuwa na meza yako ya kukunja, taulo nyeupe, na chupa ya mafuta uliyoipasha kwenye bakuli la maji moto, kwa sababu mgongo ukiguswa na mafuta baridi, ulisema, unajifunga kama konokono. Ulianza na miguu kila mara, hata mtu awe amekuja na shingo. Nilikuuliza kwa nini. Ukajibu kwamba shingo haimwamini mgeni.

Jumamosi ulikuwa unaibeba meza hiyo mpaka sebuleni kwa Theophil. Dada zetu na kaka zetu wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, ambao wiki nzima wameinua watu wazito kuliko wao, walipanga foleni kuanzia jikoni. Mchungaji naye alipanga. Wambui, yule muuguzi Mkenya, alikuwa akilala mezani kabla hujafika magotini, tukalazimika kumhamisha kama mzigo ili mwingine apande. Na mwaka 1991 Theophil alipoteguka kiuno akiondoa theluji, ulikwenda Champlin kila siku kwa wiki mbili, mabasi mawili na kipande cha mwendo, meza begani. Mimi Mchaga najua mlio wa mbuzi wa Krismasi. Ule uliokuwa ukitoka chumbani kwa Theophil ulikuwa wenyewe. Alisimama wima kwa mikono yako. Bado amesimama wima, namwona kila Jumapili.

Wasifu wako kaburini ulisema ulizaliwa, ulibatizwa, ulisoma, na ulipenda soka. Soka! Wewe ulikuwa hujui hata timu inashambulia upande gani. Ulipenda kucheza dansi. Jumapili alasiri ulikuwa unakwenda na Naftali kwenye baa moja ya katikati ya mji wanakokutana wanaume wanaopenda wanaume, mkacheza ile dansi ya wachunga ng'ombe, viatu vina visigino, mikanda ina bizimu la chuma. Mpare wa milimani amevaa kofia ya Teksasi! Ulinipeleka mara moja. Nilikaa ukutani nimeshika soda kwa mikono miwili kama mtoto wa kipaimara, nikiamini kwamba kila mwanaume mle ndani ananipigia hesabu. Saa nzima ikapita, hakuna aliyenisogelea hata kuniomba kiberiti, nikaanza kuudhika. Ukanitazama, ukacheka mpaka ukashika meza.

"Pole, mtani," ukaniambia. "Hata huku wanachagua."

Nilikuona siku ile jinsi unavyocheka ukiwa huna wa kumwogopa. Miaka yote kwa Theophil sikuwahi kukisikia kicheko hicho, na sikujiuliza kwa nini.

Mlisafiri pia. Septemba mlikuwa mnakwenda Duluth kukaa tu mkitazama ziwa, mmejifunika blanketi moja kama wazee. Kiangazi cha 1992 mliendesha gari mpaka San Francisco pamoja na rafiki zenu wawili, meza ya masaji imefungwa juu ya gari kwa kamba. Naftali husimulia hadithi ya South Dakota mpaka leo. Mzee wa kituo cha mafuta, kofia mpaka kwenye nyusi, aliuliza hicho kilichofungwa juu ni kitu gani, nyinyi wote mkaanza kufikiria mtakimbilia wapi. Wewe ukamwambia ukweli. Mzee akasema kiuno kinamsumbua tangu farasi amwangushe. Ukaishusha meza palepale kando ya pampu. Mliondoka baada ya saa mbili na pai zima la tufaha mapajani, na mzee amesimama barabarani anapunga mkono.

Ila Jumanne ndiyo siku ninayotaka isomwe na kila mtu. Jumanne ulikuwa hupokei wateja. Ulikuwa unakwenda kuwakanda wanaume wagonjwa wa UKIMWI majumbani mwao, bure. Uliniambia wapo ambao kwa miezi hawakuguswa na mkono usio na glavu. Ulikuwa ukifika unanawa, unakausha mikono, unaipasha kwa kusugua, halafu unawashika miguu. Wengine walikuwa wanalia ukiwa bado kwenye kisigino.

Zamu yako ilipofika, Elinaja, kamati ilituagiza tuseme homa ya mapafu. Nasema hapa ilikuwa UKIMWI, mama yako ameniruhusu. Ile foleni ya migongo iliishia wapi? Watu ishirini na kitu ulikuwa unawakanda Jumamosi, nawajua kwa majina. Waliofika fleti yako wakaketi hawakuzidi watatu. Theophil alikuja mara tatu, akasimama mlangoni na koti lake, akaacha kadi juu ya televisheni kwa sababu televisheni ilikuwa karibu na mlango. Wambui alikuja kila siku yake ya mapumziko akakunyoa ndevu. Mimi nilikuja nikatania, nikakushika mkono, na siku ya kwanza niliporudi nyumbani nilinawa mara mbili. Ulijua. Mara ya pili ulinipokea ukasema, "Mtani, sabuni imebaki?" Sijawahi kuona aibu vile mbele ya mtu aliyelala.

Aliyebaki nawe ni Naftali. Alikuwa anatoka shifti ya kuwageuza wazee wa watu, anakuja kukugeuza wewe kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke. Alikuogesha, alikulisha uji kwa kijiko cha chai, alikukanda miguu jinsi ulivyomfundisha. Huyo ndiye niliyemwita mwenye nyumba. Naftali, nimekuomba radhi nyumbani kwako, na sasa nakuomba radhi hapa, mahali ambapo wale walionisikia watasoma.

Wanaokukumbuka, Elinaja, kwa mpangilio uliowekwa na mama yako, ni hawa: Naftali, mwenzi wako. Mama yako, Bi Philister. Dada yako Tulia na wanawe, Usangi. Wambui. Theophil na familia yake. Na mimi, mtani wako, wa mwisho kwa hiari yangu. Hatujakusahau, hatutakusahau, na atakayejaribu kukusahaulisha atukute tumekaa mlangoni.

Na kwa wale watakaouliza kwa nini jina la Naftali limetangulia la mama mzazi, ilikuwa hivi.

Mama yako alipata viza Oktoba. Theophil alimpokea uwanja wa ndege akampeleka Champlin. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikaa sebuleni kwake kuandika tangazo hili. Mama mwenyewe alimwita Naftali, naye akaja, akakaa kwenye kiti cha pembeni, ukingoni, kama mtu anayesubiri daktari. Theophil alikuwa na karatasi yake tayari. Ukoo juu, kanisa linafuata, na chini kabisa "marafiki". Jina la Naftali halikuwemo popote.

Nikaona sasa au basi. Nikaitoa tai, nikalala chali kwenye zulia, palepale ulipokuwa unaifungua meza, nikasema siamki mpaka Naftali aandikwe wa kwanza. Mke wa Theophil akanipita juu na sinia la chai. Theophil akasema huu si wakati wa utani. Nikamjibu kwamba mwaka jana niliuacha upite wakati wenyewe, na mwaka huu nimekuja kuufidia. Akasema Wachaga hatuna adabu. Nikasema Wapare mna kesi nyingi, basi hii nayo muipeleke mahakamani, mimi nitatoa ushahidi nikiwa nimelala.

Lakini Theophil hakuwa akitania hata kidogo. Alimgeukia mama yako akaongea naye taratibu, kwa heshima. Kijarida hiki, alisema, kinatumwa mpaka Dar na kutoka huko kinafika Usangi. Yeye ndiye anayepigiwa simu na ukoo. Wakiona mwanaume ameandikwa wa kwanza, juu ya mama, watauliza huyu ni nani, naye atajibu nini?

"Shangazi, jina la Elinaja ni jina letu sote," akasema. "Tulimzika kwa heshima. Tusilichafue sasa."

Naftali akasimama. Kiswahili chake cha Kenya unakijua, tulikicheka miaka yote.

"Mama, wacha tu," akasema. "Mimi si lazima niandikwe. Hata mwaka jana nilisimama tu huko nyuma. Nitakuja kwa kaburi siku yangu, peke yangu."

Alikuwa ameshachukua kofia. Na nakwambia, Elinaja, kama angetoka mlango ule siku ile, asingerudi kwetu tena, wala wewe usingekuwa wetu tena.

Mama yako akamwambia aketi. Akafungua mkoba wake akatoa barua zako, zimefungwa kwa utepe wa kitenge. Akaziweka mezani mbili mbili, taratibu, kama anayepanga vikombe. Akasema za miaka kumi ni za mwandiko wako. Za miezi mitano ya mwisho mwandiko ni mwingine, maneno ni yako ila mkono si wako, na chini ya kila barua aliyeandika ameongeza mstari wake mwenyewe. Akampa Wambui, aliyekuwa amekaa karibu naye, asome mmoja. Wambui akasoma: "Mama, leo amekunywa uji nusu kikombe. Nimemgeuza mara nane. Mgongo wake bado ni mzima." Akapewa barua nyingine, akasoma, ikamshinda katikati, akairudisha.

Theophil aliinamisha kichwa, lakini Mpare ni Mpare. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba anashukuru kwa yote yaliyofanywa, kila mtu anashukuru, ila shukrani ni jambo moja na ukoo ni jambo jingine, na kwenye orodha ya ukoo damu ndiyo inayotangulia.

Mama yako alimaliza kwanza kuzifunga barua. Kisha akamtazama.

"Theophil, nitajie siku moja tu uliyomgeuza mwanangu kitandani, nimfute Naftali nikuandike wewe."