Nani Anakunywa Wino Wangu?

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeingiza printa mbili dukani kwa mpigo! Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, lakini nani anapima? Muuzaji kasema nikae nazo wiki nzima, nizijaribu, Jumatatu ijayo nichague moja, nyingine nimrudishie. Kanikubalia kwa sababu ya mdomo wangu. Nilimwambia nimetembea miji mingi na hakuna mashine iliyowahi kunigomea.

Ya kwanza fupi nene, inatumia katriji za wino. Nimeiita Kibonge. Ya pili ina matangi ya wino ubavuni, unauona wino kama juisi kwenye chupa. Huyo ni Malkia.

Muuzaji alikuwa anatabasamu mno. Mimi mtu akiniachia mali yake huku meno yote nje, nampiga jicho.

Jumanne, 4 Juni

Mashindano! Nimechapa picha moja kwenye zote mbili: ya marehemu mke wa fundi viatu wa hapa nje, anataka kuitundika ukutani. Kibonge kamtoa mwekundu, utadhani kalala juani. Malkia kamtoa sawasawa. Fundi akaigusa picha shavuni kwa kidole. Nikamwambia, chukua, mzee, hayo ni majaribio tu, hayalipiwi. (Huko ndani mke wangu akakohoa. Ananijua.)

Kisha nikatia mate kidoleni, nikasugua maandishi. Ya Kibonge yakawa matope. Ya Malkia hayakusogea. Kwa haraka, lakini, Kibonge hana mpinzani — anatema karatasi kama ana ugomvi nazo.

Jioni nimechomoa plagi zote mbili ukutani. Kila jioni nitachomoa, na mchana nikitoka pia. Printa isiyo na umeme haichapi kwa wizi! Akili hiyo haifundishwi shule. Mimi niliishia darasa la sita na ninayo.

Jumatano, 5 Juni

Wino wa bluu wa Malkia umeshuka. Sijachapa chochote cha bluu!

Kibonge naye kaandika kwenye kioo chake kwamba wino unakaribia kwisha. Katriji mpya kabisa! Hiyo najua ni kazi ya nani: meno nje, katriji nusu. Nimempigia simu. Anaapa kwa kila kitu kwamba ilikuwa imejaa. Anaapa haraka mno.

Lakini Malkia nilimjaza mwenyewe, kwa mkono wangu huu, mpaka juu. Kwa hiyo mtu ni wa humu ndani.

Humu ndani yuko nani? Mimi. Mke wangu, ambaye hataki hata kumgusa Malkia, anasema ananguruma kama tumbo lenye njaa. Mtoto, hata kukaa hajaweza. Na mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kulea.

Nimepiga hesabu. Nimeogopa jibu. Nimechora mstari wa penseli kwenye tangi, pale wino ulipofika.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe ana vikaratasi! Vya kikundi chake cha wanawake, vina maua pembeni. Maua ya bluu. BLUU!

Nikamuuliza kwa heshima zangu zote: mama, vizuri hivi, vimechapwa wapi? Akasema, kuna mtu kanisaidia, baba. Kuna mtu! Akarudi kumbembeleza mtoto, anaimba polepole. Wimbo wa mtu asiye na kosa — au wa mtu aliyekubuhu.

Wino uko chini ya mstari. Nimeuchomoa waya mzima, nikautia mfukoni. Chakula cha jioni nimekula na waya mfukoni, unanichoma paja. Mama mkwe kaniongezea mchuzi bila kuombwa. Nikajiuliza, huyu anafunika nini?

Jumamosi, 8 Juni

Nimesema. Sikupanga kusema. Tulikuwa tunakunywa chai, na mimi utani ndiyo lugha yangu.

"Mama, yale maua ya kikundi yanakunywa wino wangu kweli kweli, eh?"

Nikacheka. Peke yangu.

Mama mkwe akaweka kikombe. "Unasema nimekuibia, baba?"

Hapo ningesema hapana. Neno dogo tu! Nikasema, "Mimi nasema wino haushuki wenyewe."

Akainuka. Akampa mke wangu mtoto. Akaenda kukunja nguo zake.

Mke wangu kanifuata dukani, sauti chini ili mtoto asiamke. Heri angepiga kelele. Akasema vile vikaratasi mama alichapisha kwa yule jamaa mwenye duka la kuchapa ng'ambo ya barabara, akalipa mwenyewe. Mama alisema, mume wako nikimwambia atanifanyia bure, na duka lake bado changa.

Kwa yule jamaa! Mashine yake ina umri wa babu yangu!

Nikamwambia alete risiti. Ndiyo, nilisema hivyo. Akasema, mama akiondoka na aibu hii, yeye na mtoto wanaondoka naye.

Jumapili, 9 Juni

Begi la mama mkwe liko mlangoni. Teksi imeitwa. Begi la mke wangu liko kitandani, wazi, nguo za mtoto nusu ndani nusu nje. Hajaamua. Au ananisubiri mimi.

Nimejifungia dukani. Nilitaka ushahidi, nimwite mke wangu aone kwa macho yake. Nikachora mstari mpya pale wino ulipo. Nikachomeka waya.

Malkia akaamka — grrr, kwa-kwa-kwa, grrr — kelele ile ya kila nikimwasha, niliyodhani ni miayo tu. Safari hii nilikuwa nimeinama, jicho kwenye tangi. Wino ukatikisika. Ukatembea kwenye mirija. Karatasi haikuingia. Hakuna aliyebonyeza kitu.

Nikachomoa. Nikachomeka. Grrr. Ukatembea tena.

Nikarudia, nikarudia, mpaka wino ukaachana na mstari. Kumbe ukimkatia umeme ukutani, akiamka anajiosha kwa wino! Anaoga! Na Kibonge hivyo hivyo, ndiyo maana katriji mpya ikakaribia kwisha. Na aliyekuwa anachomoa ni nani? Haya, mjanja, mtaje.

Nimekaa naandika badala ya kutoka. Mimi niliyewahi kuwachekesha askari wa mpakani wakanifungulia geti! Natafuta utani wa kuanzia. Kila ninaoupata unanuka ule wa jana. Na nikisema tu "nisamehe, mama"? Mdomo unajua maneno yote isipokuwa hayo.

Muuzaji kesho atataka jibu. Nani anajali printa?

Honi. Teksi imefika.

Ndara zinakuja ukumbini. Si za mke wangu, hizi zinaburutwa. Anagonga, taratibu, mtoto asiamke. Tangu aje nyumba hii ananiita baba. Sasa nasikia:

"Bwana mwenye duka. Nimekuja kuaga."

Ufunguo uko upande wangu.