Mchawi Aliyemkumbuka Mama Yake

Dada Rehema,

Mwakeye! Ndivyo wanavyosalimiana hapa Kasulu asubuhi. Mvua imenifungia mgahawani, na walimu wawili wa meza ya pili walikuwa wanabishana kuhusu mchawi.

"Kila akiroga anapoteza kumbukumbu moja," alisema mmoja.

"Mbona bado anamkumbuka mama yake?"

Nikasogeza sahani yangu ya maharage, nikauliza kwa woga huyo mtu anakaa mtaa gani. Wakacheka mpaka chai ikamwagika: yumo kwenye riwaya wanayoisoma kwa zamu! Sasa wanataka mimi niamue, na kitabu chenyewe sijakiona.

Ila najiuliza, mimi ningetoa kumbukumbu ipi? Nimezipitia zote, dada. Nikifika kwenye zinazokuhusu wewe, nagoma kuroga.

Mdogo wako,
Zena